Mheshimiwa Diwani, Karibu Dar: Mwongozo wa Kumaliza Miaka Mitano Salama

Hongera, Mheshimiwa. Matokeo yamebandikwa, jina lako limeongoza, na hata yule jirani aliyezoea kukuita kwa jina lako la kijiweni sasa anakusalimia kwa mikono miwili. Kata ni yako. Mitaro iliyojaa chupa za plastiki ni yako, na taa za barabarani zilizowaka siku ya uzinduzi tu ni zako pia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kila mmoja wao anaamini kwamba shimo lililo mbele ya mlango wake ni kazi ya diwani. Mwongozo huu utakusaidia kuishi na imani hiyo bila kulazimika kuitimiza.

Hatua ya 1: Hakikisha unajua jiji liko wapi

Wananchi hudhani Dar es Salaam ni jiji moja lenye meya mmoja. Wasahihishe taratibu. Mkoa una wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na kila moja ina halmashauri yake. Nne ni manispaa. Ya tano, iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam tangu Februari 2021. Kwa hiyo Meya wa Jiji la Dar es Salaam hana kauli Mbagala, hana kauli Sinza, na akishuka kwenye pantoni upande wa Kigamboni ni mgeni kama wageni wengine. Mkazi wa Sinza anaposema "naenda mjini" watu hudhani ni mazoea ya lugha, kumbe anatafsiri sheria kwa usahihi.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa matamu zaidi. Kuanzia mwaka 2000 zilikuwapo manispaa tatu, baadaye tano, na juu yake Halmashauri ya Jiji yenye meya wake, mkurugenzi wake na vikao vyake, ila haikuwa na kata hata moja, kwa sababu kata zote zilikuwa za manispaa. Ilidumu miongo miwili. Usicheke; kuendesha jiji lisilo na eneo kunahitaji kipaji.

Historia inafaa uijue kidogo, hasa kwa ajili ya hotuba. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru. Meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alikuwa mshairi aliyeandika sheria za kutunga mashairi. Warithi wake wameachiwa sheria ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za miji zilifutwa. Zikarudishwa kwa sheria ya 1978. Mwaka 1996 baraza la Jiji likavunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 likarudi, na mwaka 2021 likavunjwa tena. Katika kuvunjwa kote huko, kitu pekee ambacho hakijawahi kuvunjwa ni taka. Wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji katika Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukizia moshi na harufu. Wakashinda. Jiji nalo likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kutupa hapo hapo. Lishike somo hilo, Mheshimiwa: ukishindwa, omba muda.

Hatua ya 2: Tambua nani wa kumwogopa

Katiba, katika ibara ya 145 na 146, inasema kuwa serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Wewe ndiwe mwananchi aliyepelekewa. Sasa tazama nani mwingine yuko ndani ya chumba.

Meya anachaguliwa na nyinyi madiwani kutoka miongoni mwenu. Anavaa joho na mkufu, anaongoza baraza, na ni mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Uongozi. Naibu wake anachaguliwa kila mwaka, jambo linalowafanya madiwani wapendane sana kila mwaka inapokaribia tarehe hiyo.

Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Ndiye katibu wa baraza lako, ndiye afisa masuuli, ndiye anayewaajibisha wakuu wa idara, na hakuna malipo yanayotoka bila ofisi yake. Mnaweza kumpinga kwa kauli moja, na kesho yake asubuhi mtamkuta ofisini akiwauliza mmelalaje.

Mkuu wa Wilaya naye anateuliwa na Rais. Yeye si sehemu ya halmashauri. Anaitazama kutoka juu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Wewe huna uwezo wa kumweka yeye hata kwenye ajenda. Mkuu wa Mkoa ana uwezo huo huo kwa eneo kubwa zaidi, na waandishi wa habari wengi zaidi.

Mbunge ni mjumbe wa baraza lako pia, ila ana kitu usicho nacho: Mfuko wa Jimbo, ambao kamati yake anaiongoza mwenyewe. Akitoa mifuko ya saruji shuleni, ni yeye katoa. Saruji ikiisha, diwani yuko wapi?

Juu ya wote hawa kuna TAMISEMI, ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, na makao yake ni Dodoma. Sheria ndogo mtakayoitunga kwa jasho, hata iwe ya faini ya kutupa ganda la ndizi, haifanyi kazi mpaka Waziri aridhie.

Chini yako wapo Mtendaji wa Kata, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri, na wenyeviti wa mitaa, ambao hawana mshahara ila wana foleni ya watu wanaotaka barua ya utambulisho. Kamati ya Maendeleo ya Kata unaiongoza wewe. Hapo, Mheshimiwa, ndipo utakapohisi kwa mara ya kwanza kuwa wewe ni mkubwa. Furahia, maana kikao kinaisha saa saba.

Fupisha yote hayo hivi: uliyechaguliwa huna hundi, na wenye hundi hawakuchaguliwa. Ukilikumbuka hilo hutapata shinikizo la damu.

Hatua ya 3: Jifunze kusema "Hilo si la halmashauri"

Kauli hii itakuokoa mara nyingi kuliko gari la wagonjwa. Inafaa kwa sababu ina ukweli mwingi ndani yake.

Mama anayelalamikia shimo la Barabara ya Morogoro, mwambie ni la TANROADS. Shimo la barabara ya mtaani ni la TARURA, wakala ulioanzishwa 2017, ukachukua barabara za halmashauri pamoja na wahandisi wake. Maji yakikatika ni DAWASA. Umeme ni TANESCO. Mwendokasi usipokuja ni DART. Nyumba ikiungua ni Jeshi la Zimamoto, ambalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mto Msimbazi ukiingia sebuleni, wahusika ni wengi kiasi kwamba wakikutana wote ukumbi hautoshi, na maji yatakuwa yameshapungua.

Kinachobaki kwako si kidogo. Shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati na vituo vya afya, masoko, machinjio, taka, leseni za biashara na vibali vya ujenzi, hivyo ni vya halmashauri. Ila hakuna anayekuja kwa diwani saa kumi na mbili asubuhi kuulizia kibali cha ujenzi. Kibali hutafutwa baada ya nyumba kufika kwenye linta na ukuta kuchorwa X nyekundu. Watu huja kwa ajili ya barabara, na barabara ndiyo uliyonyang'anywa.

Angalizo: usiitumie kauli hii kwa mtu anayeendesha bodaboda. Tangu 2021 kila lita ya petroli anayoweka ina shilingi 100 iliyoongezwa kwa ajili ya barabara za TARURA. Ameshalipia shimo lile mara nyingi, na yeye hesabu ya lita zake anaijua.

Hatua ya 4: Ielewe pesa, lakini usiizoee

Halmashauri inaishi kwa mito miwili: ruzuku kutoka Serikali Kuu na mapato ya ndani. Mikopo na misaada huja kama mvua za vuli: inatangazwa, inasubiriwa, ikija inafurika sehemu moja. Mradi wa DMDP, uliogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 300 wa Benki ya Dunia, ulitia lami na mitaro katika mitaa ambayo haikuwahi kuota hata kifusi. Diwani ambaye kata yake iliguswa alipiga picha. Ambaye haikuguswa alitoa maoni kuhusu uwiano.

Ruzuku ni kubwa kwa macho. Utafungua kitabu cha bajeti na kuona mabilioni, moyo udunde, halafu utagundua kwamba sehemu kubwa ni mishahara ya walimu na wauguzi, ambayo Hazina imeshaipangia majina. Fedha hizo hupita halmashauri kama basi la mkoani linavyopita stendi ndogo; wewe unapunga mkono tu.

Mapato ya ndani ndiyo yenu. Ushuru wa huduma ndio nguzo, na hutozwa kwa asilimia ya mauzo. Mauzo, Mheshimiwa, si faida. Kampuni inaweza kufunga mwaka kwa hasara na bado ikakulipa, na ikifanya hivyo mpigie mkurugenzi wake simu ya pole. Kwa kuwa Kariakoo na Posta ziko ndani ya mipaka ya Jiji, diwani wa Jiji hutembea kifua mbele kuliko mwenzake wa Kigamboni, ambaye kata yake ina upepo mzuri wa bahari usiotozwa chochote. Baada ya ushuru wa huduma kuna leseni, vibali vya ujenzi, kodi za vibanda vya masoko, ushuru wa nyumba za kulala wageni, ushuru wa machinjio na faini. Yote hukusanywa kwa mashine ya POS au namba ya malipo, ili fedha isipite mkononi mwa mtu. Mtandao ukiwa chini, mkono ule ule wa zamani bado upo karibu.

Halafu kuna kodi ya majengo, inayostahili kusimuliwa polepole. Katika nchi nyingi hii ndiyo kodi ya mji: nyumba haihami, haifichiki na haina akaunti nje ya nchi. Halmashauri zetu zilikuwa zikiikusanya zenyewe, kwa madaftari na makadirio yao. Mwaka 2016 ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato. Mwaka 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Sheria inasema mlipaji ni mwenye nyumba. Mita inasema mlipaji ni aliyenunua umeme. Kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja Manzese ndiye leo anayelipia jengo la mtu mwingine, kupitia shirika la umeme, kwenda Serikali Kuu, ili akija kwako kuuliza mtaro wake utazibuliwa lini umwambie halmashauri haina fedha. Nchi chache zimefanikiwa kuzungusha shilingi 1,500 kwa umbali mrefu hivyo ndani ya mkoa mmoja.

Hatua ya 5: Pitisha bajeti bila kuamka

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini mchezo unaanza miezi mingi kabla. Kwanza mitaa inakutana na kutaja vipaumbele. Watataka mtaro, zahanati, choo cha shule na kivuko. Viandike vyote kwa mwandiko mzuri. Vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinapanda halmashauri, na huko vinakutana na ukomo wa bajeti ulioshuka kutoka Hazina. Ukomo una tabia ya kutosalimiana na kipaumbele. Choo cha shule kinaahirishwa hadi mwaka ujao, kinakokutana na ndugu zake wa mwaka jana.

Kisha makabrasha yanakufikia. Kanuni zinataka uyapate mapema. Mazoea huyaleta yakiwa bado na joto la mashine ya kudurufu. Hapa shika ushauri wangu muhimu kuliko yote: usisome. Hasa usisome kurasa za mapato na matumizi ya robo mwaka. Usilinganishe makadirio na makusanyo halisi. Usiulize kwa nini soko lenye meza mia kadhaa linaingiza fedha ya meza kumi. Usiulize mzabuni wa kukusanya taka alipatikanaje, na kwa nini gari lake linapita barabara ya lami tu. Nenda moja kwa moja kwenye "Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja", kisha ulizia kama chakula kimefika.

Baraza la kawaida hukutana walau mara moja kila robo mwaka, na kamati za kudumu ndizo hufanya kazi kati ya mabaraza: Fedha na Uongozi; Uchumi, Afya na Elimu; na Mipango Miji na Mazingira. Ukiweza, ingia Fedha na Uongozi. Inakutana kila mwezi. Ukipelekwa Mipango Miji, zoea kukagua michoro ya viwanja vya wazi ambavyo tayari vina ghorofa.

Hatua ya 6: Gawa asilimia kumi kwa busara

Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, na kwa mara moja ni sheria inayokupa kitu cha kutaja kwenye msiba.

Kwa sababu hiyo hiyo, vikundi vitazaliwa. Utakutana na kikundi cha vijana ambacho katibu wake ana mvi, na kikundi cha ufugaji wa kuku ambacho hakuna jirani aliyewahi kusikia jogoo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alipoviangalia kwa karibu, Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023 ili kutafuta utaratibu mwingine, na mwaka uliofuata ikarudi ikiwa na masharti mapya. Wewe msimamo wako uwe mmoja: mkopo uliorejeshwa ulikuwa wa usimamizi wako, ambao haukurejeshwa ulipitishwa na wataalamu.

Hatua ya 7: Usikose uzinduzi

Kazi za halmashauri zina misimu miwili: kabla ya Mwenge na baada ya Mwenge. Kabla yake, mradi uliolala hupata rangi, mafundi na usiku wa kazi. Kiongozi wa mbio za Mwenge ana mazoea ya kukagua nyaraka na kugonga ukuta, na mara nyingine hugoma kuzindua. Simama karibu naye akikubali. Akianza kugonga ukuta, kumbuka una dharura nyumbani.

Msimu wa tatu huja kila baada ya miaka mitano, ambapo greda hutokea kwenye barabara ambazo kwa miaka minne zilikuwa "si za halmashauri". Usimsahihishe mwananchi atakayekupigia makofi.

Hatua ya 8: Kabiliana na hati

Kila mwaka Mkaguzi Mkuu anatoa hati kwa kila halmashauri. Mkipata hati inayoridhisha, pigeni picha na keki. Usimweleze mtu yeyote kwamba hati hiyo inasema vitabu vimeandikwa inavyotakiwa, na haisemi kitu kuhusu mtaro. Halmashauri inaweza kuwa na hesabu safi na barabara chafu, na zote mbili zikawa kweli. Mkipata hati mbaya, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa itamwita Mkurugenzi ajieleze, naye atahamishwa. Anayekuja baada yake atasema yeye ni mgeni, apewe muda. Unakumbuka somo la Tabata.

Tahadhari ya mwisho

Hatua hizi nane zimejaribiwa na hufanya kazi, isipokuwa katika hali moja. Pengine siku moja, kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, atasimama mama mmoja, labda mwalimu mstaafu, labda muuza samaki wa Feri anayejua hesabu zake. Hataulizia barabara. Atakuwa na karatasi za mapato na matumizi zilizopaswa kubandikwa ubaoni, na atakuwa amezisoma. Atasema: "Mheshimiwa, robo iliyopita soko letu lilikadiriwa kuingiza kiasi hiki, limeingiza nusu. Hii si ya TARURA. Hii si ya DAWASA. Bajeti hii ilipita kwa mkono wako. Ulinyoosha mkono ukiwa unajua?"

Hapo hakuna kauli ya kukusaidia, kwa sababu swali lake limegusa kitu pekee ambacho hakuna aliyekunyang'anya. Barabara walichukua, kodi ya majengo walichukua, Mkurugenzi hukumchagua wewe. Lakini makabrasha yaliletwa kwako kwa jina lako, na bajeti ya halmashauri haiwezi kwenda mbele bila madiwani kunyoosha mikono. Kama ungeyasoma ungejua soko lilivuja wapi, na Mkurugenzi angelazimika kukujibu kwenye muhtasari, na muhtasari ni waraka wa kudumu.

Ikifika hapo, msikilize hadi mwisho, mshukuru, na ahidi kumletea majibu. Kisha fuatilia kimyakimya jambo moja tu: kama jina lake limo kwenye daftari la wapiga kura la kata yako. Mtu anayesoma mapato na matumizi kwa raha yake hana sababu ya kutochukua fomu.